Ushirika, BMU au chama cha wazalishaji: mchakataji wa dagaa Kigoma ajiunge wapi?

Ada ya kiingilio si hela ya kuchezea kwa mtu anayenunua dagaa kwa beseni mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na kuwauza kwa kisado mjini. Akishalipa ada anaambiwa kuna hisa, baada ya hisa kuna mchango wa mwaka, na katikati kuna nauli za wajumbe, picha za paspoti na gharama za kuchapa katiba. Faida ya umoja kila mtu kwenye mialo ya Katonga na Kibirizi anaijua, hilo halina mjadala. Kinachowasumbua wachakataji ni kuchagua. Kuna ushirika, kuna BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), kuna kikundi cha mkopo wa halmashauri, na kuna chama cha wazalishaji, ambacho mara nyingi huzaliwa kwenye semina. Kipi kinastahili ada ya mtu mwenye mtaji mdogo?

Kwa kifupi, kila kimoja kina shida yake kinayoiweza, na ugomvi mwingi huanza pale mtu anapokidai kimoja kazi ya kingine. Ushirika unashughulika na bei na mzigo. BMU inashughulika na ulinzi wa ziwa na nidhamu ya mwalo. Kikundi kinatafuta mtaji. Chama cha wazalishaji kinabeba mambo ambayo hakuna mwanachama mmoja, hata awe na fuso tatu, anayeweza kuyamaliza peke yake: sheria, viwango, jina la bidhaa, afya ya maji, utafiti. Hiki cha mwisho ndicho kinachodharauliwa zaidi hapa kwetu, kwa hiyo nitakaa nacho kwa muda mrefu kuliko vingine.

Chama kinafanya nini hasa? Waulize wafugaji wa chaza

Wafugaji wa chaza wa Marekani na Ufaransa wana vyama vya namna hii tangu zamani, na kazi ya vyama hivyo inaonekana kwa macho. Kwanza tuielewe biashara yao. Chaza, kiumbe wa majini mwenye magamba mawili, hufugwa pwani, kwenye mifuko ya wavu, kwenye vikapu au chini kabisa kwenye matope. Mfugaji hamletei chakula. Chaza anakula kwa kuchuja maji, na mkubwa mmoja, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Maana yake ni kwamba kilichomo kwenye maji kinaingia mwilini mwake: vijidudu, rangi za boti, kemikali za kiwandani. Mfugaji wa chaza hana ukuta wa kumtenga na jirani. (Ziwa Tanganyika nalo lina chaza wake wa maji baridi wanaojibandika kwenye miamba, ila biashara yetu ni dagaa.)

Mwishoni mwa 1924 homa ya matumbo ililipuka katika miji ya Marekani ikiwamo New York, Chicago na Washington. Watu wapatao 1,500 waliugua na takriban 150 wakafa. Chanzo kikaonekana kuwa chaza waliokaa kwenye maji machafu. Walaji wakaacha kununua chaza wote, wa shamba chafu na wa shamba safi. Hapo wafanyabiashara wa chaza, pamoja na maofisa wa afya wa majimbo, wakaiomba serikali iweke udhibiti. Mwaka 1925 ukaanza mpango wa taifa wa usalama wa chaza, wenye ukaguzi wa maji na vyeti kwa wauzaji, na mpango huo unaendelea mpaka leo. Angalia ni nani aliyeomba kanuni: ni watu ambao kanuni zingewabana wao wenyewe. Waliona kwamba mchafu mmoja anaweza kuua soko la mia.

Ukienda Ufaransa, kwenye ghuba ya Arcachon, kuanzia mwaka 1977 vifaranga vya chaza walikuwa hawaoti na wakubwa wakawa na magamba yaliyovimba. Shida ilikuwa rangi yenye sumu ya bati iliyopakwa chini ya boti za starehe ili viumbe visijibandike. Mfugaji mmoja angeshtaki boti ngapi? Kelele za wafugaji na ushahidi wa wanasayansi vilikwenda pamoja, na Januari 1982 Ufaransa ikaizuia rangi hiyo kwa boti zenye urefu chini ya meta 25. Chaza wakarudi. Dunia nzima ilikuja kuipiga marufuku rangi ya aina hiyo kwenye meli mwaka 2008, robo karne baadaye.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa pwani ya magharibi ya Marekani. Huko kuna chama cha wafugaji wa chaza na kombe, Pacific Coast Shellfish Growers Association, kilichoanzishwa 1930. Kati ya 2007 na 2009 kituo cha kutotolesha vifaranga cha Whiskey Creek, kwenye ghuba ya Netarts jimboni Oregon, kilipoteza vifaranga kwa mamilioni, na mashamba mengi yaliyokitegemea yakakosa mbegu. Wengi walidhani ni ugonjwa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oregon State walipopima waligundua kwamba upepo ulikuwa ukipandisha maji ya kina kirefu yenye asidi nyingi, na kifaranga hawezi kujenga gamba kwenye maji ya namna hiyo. Kupitia umoja wao, wafugaji waliwaendea wabunge, na mwaka 2010 zikapatikana takriban dola 500,000 za serikali kuu kwa ajili ya vifaa vya kupimia maji. Sasa wakawa wanajua ni saa ngapi wavute maji kutoka baharini na ni saa ngapi wafunge bomba, na wakajifunza kuyatibu maji kabla ya kuwawekea vifaranga.

Katika visa vyote hivyo hakuna mtu aliyeuziwa chaza wake na chama. Hakuna aliyekopeshwa. Aliyeingia mkutanoni akitafuta bei nzuri ya wiki ile angetoka akilalamika kwamba amepoteza siku. Hata hivyo, bila kazi ile kusingekuwa na chaza wa kuuza.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi: mfugaji wa chaza ni mwanachama wa kamati za taifa na za mikoa kwa mujibu wa sheria, na mchango wake ni wa lazima. Sababu yake inaeleweka. Maji yakisafishwa yanasafishwa kwa wote, aliyelipa na asiyelipa, kwa hiyo bila ulazima wengi wangekaa pembeni wakisubiri matunda ya jasho la wenzao. Chama cha hiari kama vyetu kinaishi na ugonjwa huo siku zote, na anayetaka kujiunga ajue mapema kwamba atawabeba wasiolipa.

Yanayofanana na hayo kwetu

Dagaa wa Kigoma wana jina. Sokoni Dar es Salaam mteja huwataja kwa mkoa wao, na hulipa zaidi kuliko anavyolipa dagaa wa Mwanza. Wanavuka hadi Congo, Burundi na Zambia. Jina hilo ni mali ya wachakataji wote wa mwambao huu, lakini hakuna anayelilinda. Mmoja akianika chini mchangani, akafagia kwa ufagio na kupakia kwenye kiroba, mteja wa Kariakoo atauma kokoto na kulaani Kigoma yote. Hatajua kwamba mama wa pili aliamka alfajiri, akanunua dagaa vipe (vyombo vya wavuvi wa dagaa) vilipotia nanga, akawaosha na kuwatandaza kwenye kichanja cha wavu kilichoinuliwa juu, akawageuza mara kwa mara na kukaa na turubai mkononi wingu lilipotokea upande wa milima ya Congo. Kazi yake yote hiyo inauzwa kwa jina lilelile.

Wafaransa wa Marennes-Oléron wana jina la chaza linalolindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya: asiyefuata utaratibu wa eneo lile haruhusiwi kulitumia. Kwetu nembo ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na alama ya ubora hutolewa na TBS, shirika la viwango, lakini kabla ya kufika huko lazima pawe na watu waliokaa na kukubaliana dagaa safi ni dagaa gani: amekauka kiasi gani, ameanikwa juu ya nini, amefungwa kwenye nini. Ushirika wa mwalo mmoja hauwezi kuwapangia watu wa mwalo mwingine. BMU haikuundwa kwa ajili hiyo. Hii ni kazi ya chama cha wachakataji wa Katonga, Kibirizi, Muyobozi na vijiji vyote vya mwambao.

Jambo la pili ni ziwa lenyewe. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ninaunga mkono ziwa kupumzishwa. Dagaa ana maisha mafupi na huongezeka haraka akipewa nafasi, na nchi nne zinazolizunguka ziwa hili haziwezi kulikamua mwaka mzima kisha zishangae limekauka. Lakini Mei mpaka Agosti ni miezi ya kiangazi, miezi ambayo jua la kuanikia ni la uhakika. Mvuvi ana mtumbwi na nyavu, jina lake liko kwenye leseni, akiitwa mkutanoni anajulikana. Mama anayeanika ana mkopo unaodai marejesho kila wiki, na hana karatasi inayoonyesha kwamba kufungwa kwa ziwa kumefunga biashara yake pia. Nani amsemee benki? Nani aombe marejesho yasogezwe, au dagaa waliohifadhiwa kabla ya kufungwa waruhusiwe kusafirishwa bila usumbufu njiani? Hayo ni mazungumzo ya chama na wizara, chama na halmashauri, chama na wakopeshaji.

La tatu ni kubwa kuliko yote na halina mwenyewe. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi cha samaki katika Ziwa Tanganyika umepungua kwa takriban asilimia 20. Sababu iliyotolewa ni joto: maji ya juu yakipata joto zaidi yanakaa kama kifuniko, na yale ya chini yenye rutuba, katika ziwa lenye kina cha meta 1,470, hayapandi kama zamani. Hapo tunafanana na watu wa Whiskey Creek karibu moja kwa moja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na meza ya kukaa na wanasayansi. Kigoma tuna TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, tuna chuo cha uvuvi cha FETA, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, limefanya kazi hapa na dagaa na migebuka kupitia mradi wa FISH4ACP. Wataalamu wapo. Kinachopungua ni upande wa pili wa meza: mtu mmoja mwenye idhini ya wachakataji kusema tunataka mpime hiki, na matokeo tuletewe kwa Kiswahili mwaloni.

Ushirika: pale shida yako ni bei

Ukiniuliza ni kipi kinachoweza kuingiza pesa mkononi, nitakutajia ushirika bila kusita. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 inaupa chama hadhi ya kumiliki mali, kukopa na kuingia mikataba. Kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye chache. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inasimamia, COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, inakagua hesabu, na tangu Aprili 2025 kuna Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma. Mkoa huu una uzoefu nao: wakulima wa kahawa wa huku juu, kupitia ushirika wao wa Kanyovu, wamekuwa wakikusanya na kuuza pamoja.

Faida kwa mchakataji ni za kushikika. Vichanja vingi vinajengwa kwa pamoja, ghala linapatikana, gari moja linajaa badala ya kila mtu kubembeleza nafasi kwenye buti la basi, na mnunuzi wa tani moja anaongea na mtu mmoja. Dalali aliyezoea kupanga bei kwa mama mmoja mmoja anakutana na ukuta.

Ila dagaa si kahawa. Kahawa ina msimu, mkulima amezoea kusubiri malipo ya pili. Biashara ya dagaa inazunguka kila siku ya giza: pesa ya mauzo ya leo ndiyo ya kununulia kesho alfajiri, na vipe hupumzika tu mbalamwezi inapokuwa kubwa. Ushirika ukichukua mzigo wako Jumatatu na kukulipa baada ya wiki tatu mnunuzi wa Lubumbashi atakapotuma hela, umekaa wiki tatu bila mtaji. Ndipo wanachama wanaanza kuuza kwa mlango wa nyuma kwa mwenye fedha taslimu, na ushirika unakufa huku kila mtu akimlaumu mwenyekiti. Kwa hiyo kabla ya kununua hisa uliza swali moja: mnalipa lini? Ushirika wa dagaa usio na mfuko wa malipo ya awali bado haujawa tayari, hata kama una cheti ukutani.

Kuhusu sauti, ushirika una mpaka. Utawasemea wanachama wake, na utasikilizwa kwa kadiri ya idadi yao. Ukienda kudai ushuru upunguzwe ukiwa na watu arobaini wa mwalo mmoja, afisa atauliza wale wengine wa mwambao wamesemaje.

BMU: upo ndani, utake usitake

BMU imetambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na ipo kwa ajili ya usimamizi shirikishi: kuandikisha vyombo na watu, kutunza takwimu za samaki wanaoshushwa, usafi wa mwalo, doria dhidi ya zana haramu. Ukifanya kazi mwaloni, BMU ni ya kwako. Gharama ni ndogo na kuikwepa ni kujitafutia shida.

Lakini msiitwike mzigo usio wake. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwenyekiti wake, "Mwenyekiti, sisi wa vichanja tunaitwa mkutanoni siku ya kufagia mwalo tu. Siku ya kupanga ushuru mbona hatuitwi?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mama, ushuru haupangwi na sisi. Sisi tunatumwa tu." Alisema kweli. BMU ni mkono wa usimamizi. Mahali ambapo halmashauri imeitumia kukusanya mapato, kuitarajia ipinge mapato hayohayo ni kuitia majaribuni. Tena ndani yake wenye mitumbwi ndio wenye nguvu, na maslahi ya mwenye mtumbwi na ya mwenye kichanja hugongana kila alfajiri pale bei ya beseni inapopangwa samaki wakiwa bado chomboni.

Kwa hiyo BMU si ya kuchagua wala kuacha. Hudhuria, na hakikisheni wachakataji wanagombea nafasi kwenye kamati. Kisha nendeni mkaunde sauti yenu mahali pengine.

Kikundi cha mkopo

Hapa nitapita haraka. Kikundi husajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, na lengo la wengi ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na ikarejea 2024. Ni mlango mzuri wa kuanzia. Jueni tu kwamba deni ni la wote. Mmoja akihamia Mpanda na fungu lake, waliobaki watalipa. Chagueni watu mnaojua wanakolala.

Ubavu kwa ubavu

Pesa inarudi lini? Kikundi kinaweza kukupa mtaji ndani ya mwaka kikifuatilia vizuri. Ushirika huchukua muda zaidi, maana kuna andiko la mradi, usajili kwa Mrajis wa vyama vya ushirika na kukusanya hisa, lakini ukisimama faida inaonekana kwenye kila kiroba. BMU haikuletei pesa, inakulindia mahali pa kuitafutia. Chama cha wazalishaji kinarudisha polepole na kwa njia isiyohesabika kirahisi: kizuizi kilichoondolewa njiani, siku za kufunga ziwa zilizotangazwa mapema, jina lililoongeza bei ya soko zima. Anayehitaji hela ya ada ya shule mwezi ujao asiingie chama kwa matumaini hayo.

Ukitoka unabaki na nini? Kwenye ushirika una hisa, na masharti ya chama yanaeleza jinsi ya kuzihamisha au kurudishiwa. Kwenye kikundi unaweza kutoka na deni. Kwenye chama ada yako imekwishatumika, huna cha kudai.

Nani anakusikiliza? Hapa chama kinawazidi wote, kwa sharti kwamba kina watu halisi nyuma yake. Kinaweza kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, au BRELA kama kampuni yenye ukomo wa dhamana isiyo na hisa. Kikishasimama kinaweza kukaa na TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, mkoani, kushirikiana na TAWFA, umoja wa wanawake wanaofanya kazi katika sekta ya uvuvi uliozinduliwa 2019, na kupeleka hoja wizarani bila kuomba ruhusa ya mtu ambaye hoja inamhusu.

Na hatari iko wapi? Ya ushirika ni wizi wa mzigo na hesabu, ndiyo sababu umezungushiwa wakaguzi. Ya chama ni chama cha mfukoni: mwenyekiti, mhuri, barua yenye nembo, na wanachama wasiojua kwamba ni wanachama. Chama hakina mkaguzi wa kukifuata kila mwaka kama COASCO inavyoufuata ushirika, kwa hiyo kinga pekee ni wanachama wenyewe. Hatari nyingine ni chama kutekwa na wafanyabiashara wakubwa wanaosafirisha nje. Hao watatamani kanuni ngumu za vifungashio ambazo mwenye beseni mbili hazimudu, na watazipitisha kwa jina la ubora.

Kwa hali yako

Kama unanunua beseni moja mbili kwa siku na mtaji unakatika mbalamwezi ikiingia, anza na kikundi. Usilipe ada mahali pengine popote mpaka mtaji wako uweze kuvuka siku za mbalamwezi. BMU unahudhuria kama kawaida.

Kama una vichanja vyako, unajaza viroba vya kutosha kila wiki na tatizo lako ni dalali na usafiri, tafuta ushirika unaolipa mapema, au muuanzishe mkiwa wachache mnaoaminiana. Muulizeni afisa ushirika wa halmashauri masharti ya idadi ya waanzilishi kabla ya kuchangisha hata shilingi. Ukishakuwa humo, ushirika wenu ujiunge na chama cha wazalishaji kama mwanachama mmoja. Namna hiyo ada inagawanywa na sauti inabaki.

Kama wewe ni msafirishaji wa kwenda Congo au Zambia, unahitaji chama kuliko unavyodhani. Vibali, vipimo, vizuizi na jina la bidhaa ndiyo maisha yako ya kila siku. Lipa ada kubwa kuliko ya mama wa beseni, na ukubali kwamba hupati kura zaidi kwa sababu hiyo.

Na kama unafuga samaki kwenye vizimba ziwani, au unafikiria kuanza, wewe ndiye ndugu wa karibu wa mfugaji wa chaza. Unakaa ndani ya maji usiyoyamiliki. Uchafu wa mto, mafuta ya boti na ugonjwa wa kizimba cha jirani vyote vinakufikia. Usitumbukize hata kizimba kimoja kabla hujajua majirani zako wanakubaliana nini kuhusu umbali kati ya vizimba, vifaranga wanatoka wapi na samaki waliokufa wanatupwa wapi. Makubaliano hayo yakiandikwa na kusainiwa, mmeshaanzisha chama kabla hata ya kwenda kwa msajili.

Ukiletewa fomu ya chama kipya cha wachakataji, omba katiba uisome kabla ya kuweka sahihi. Tafuta humo mambo manne: ukomo wa miaka ya uongozi, viti vilivyotengwa kwa wachakataji wadogo na kwa kila mwalo, ada inayopanda kulingana na ukubwa wa mzigo, na kifungu kinachosema hesabu zitasomwa mwaloni, mbele ya wanachama, kwa tarehe inayojulikana. Likikosekana hata moja, liandikwe kwanza ndipo ulipe. Kisha uliza mwaka wa kwanza chama kitafanya nini. Wakikutajia mambo kumi na tano, waombe wachague mawili. Mimi ningependekeza haya: kiwango cha dagaa wa kichanja kilichokubaliwa na mialo yote, na barua moja yenye majina na sahihi za wachakataji, ifike wizarani kabla tarehe nyingine ya kufunga ziwa haijapangwa, ikisema wachakataji wa mwambao wa Kigoma ni wangapi, wana mikopo kiasi gani na wanaomba nini kwa miezi hiyo.